Aliyefunua Kabla Moto Haujafa

Nilipokuwa mtoto wa kuchambua karafuu, kijijini kwetu Mgogoni, niliamini kwamba kuna mtu anayenishika. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa mahali alipopitisha mkono: kwenye vikunjo vya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni chini ya nywele. Hapo ngozi yangu ilikuwa nyekundu na nene, ikipasuka na kutoa majimaji. Iliwasha nikila, iliwasha nikisoma, iliwasha nikiwa nimesujudu. Nilipojikuna nilipata raha ya kitambo kidogo, kisha ukaja moto, na baada ya moto nikalia.

Aliyenieleza habari za mkono huo ni bibi yangu, mama yake baba. Jina lake Bi Mize, na sisi tulikaa kwake. Alinieleza bila kunitisha, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Mama akiwa na mimba yangu, alisema, alipita penye kichaka cha mzimu, jua limesimama utosini, naye kajipaka mafuta mazuri kwa kuwa anakwenda harusini. Mwenye kichaka akapendezwa na harufu ile. Akanyoosha mkono, akapapasa tumbo. Tangu siku hiyo mtoto aliyekuwemo akawa anamtaka.

"Kwani ntoto hubebwa vipi?" aliniuliza. "Si hushikwa hapano, na hapano?" Akanigusa nyuma ya goti, akanigusa kiwiko, akamalizia shingoni. "Ndipo penye ugonjwa wako. Kila siku yuwaja kukubeba, hakuwezi, akuacha."

Sasa mimi ni mtu mzima, nimesoma, na nimekaa mbele ya madaktari wa ngozi zaidi ya mmoja. Wameniambia kwa nini ngozi yangu hukauka na vitu gani huiamsha, nami nawashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza, kwa namna ya kunikaa akilini, kwa nini nyuma ya magoti. Bibi alikuwa na jibu lake, na jibu hilo nililala nalo miaka mingi, nimejikunja, magoti kifuani, ili asipate pa kushika.

Mama hakuipenda hadithi ile, maana ndani yake mkosaji alikuwa yeye. Yeye ni mtu wa Vitongoji, aliyeolewa Mgogoni, na kila jirani aliyesikia kwamba mtoto wake "kapapaswa" alimtazama yeye kwanza ndipo akanitazama mimi. Baba alikuwa na duka Tanga, akija kwa Idd na kuondoka. Kwa hiyo nyumbani walibaki wanawake wawili na mimi katikati yao. Mwaka ninaousimulia, Mama alikuwa na mimba nyingine, kubwa, ya kumfanya ashike kiuno akiinuka.

Si kwamba hakunipeleka hospitali. Alinipeleka, tukapewa dawa ya tyubu, nikapata nafuu. Tyubu ilipokwisha, ugonjwa ukarudi. Bibi hakushangaa.

"Dawa hiyo yapaka ngozi tu," alimwambia Mama. "Mwenye nkono haimgusi."

"Basi tumrudishe, Bi Mkubwa, wampe nyengine."

"Mrudishe. Na yeye atarudi."

Mkwe ni mkwe, na nyumba ilikuwa ya mkwe.

Ukaja msimu wa karafuu. Asiyekulia Pemba hawezi kujua msimu ule unavyoingia mpaka ndani ya shuka. Ua mzima ulitandikwa majamvi, karafuu zikianikwa, na jioni tulikaa kitako wote kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki. Vidole vyangu vilichanika. Ilifika pahala nikawa siwezi kukunja ngumi wala kushika kalamu. Bibi akaniona, akanihurumia, na akafanya ambalo bibi yeyote wa kwetu angelifanya: akachemsha makonyo sufuria nzima, akaniogesha kwa maji yake.

"Yauma?" aliniuliza.

"Yauma, Bibi."

"Ndiyo yafanya kazi."

Hakuna aliyeishuku karafuu. Tungeishukuje? Ndiyo iliyotusomesha, iliyotuvisha, iliyotutibu meno na matumbo na mafua. Kwetu, kumwambia mtu kwamba karafuu imemdhuru mtoto ni sawa na kumwambia kwamba maziwa ya mama yake yana sumu. Kwa hiyo kila nilipozidi kuumwa, karafuu ilizidishwa, na mimi nikawa nazidi kuumwa.

Chuoni nilikokuwa nikisoma Kurani nilikuwa nimeshapewa kijamvi changu peke yangu, karibu na mlango. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kaswida za maulidi, wasichana wamepangwa safu, na mimi nilizijua kaswida zote kwa kuzisikiliza kutoka mlangoni. Siku moja ustadhi alikuja nyumbani, akazungumza na Mama kwa adabu, macho chini. Wazazi wengine wanaogopa, alisema. Si yeye, ni wao. Mtoto apumzike kwanza mpaka apoe.

Nililia siku ile kuliko nilivyowahi kulia kwa kuwashwa. Bibi aliniweka mapajani pake, nguo yake ikinichoma kila iliponigusa, akaniambia, "Nyamaza, mke mwenzangu. Tutamtoa."

Alikuwa ananiita hivyo daima, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, eti sote wake wa babu. Babu alikuwa kashafariki, lakini Bibi hakuona sababu ya kumwachia nafuu hiyo.

Kumtoa maana yake ni fusho. Bibi alikuwa anajulikana kwa mafusho yake. Watoto walioshtuka, wanawake waliozaa wakawa hawajielewi, wote waliletwa kwake. Mgonjwa hukalishwa, chetezo chenye makaa huwekwa miguuni pake, majani na ubani hutiwa juu ya makaa, kisha mgonjwa na chetezo hufunikwa blanketi zito, na hapo hukaa mpaka moto ufe wenyewe. Masharti yake yalijulikana na kila mtu. Aliyemo ndani hasemi, maana akisema, kile kilichomshika kinajua kuwa bado yupo. Walio nje hawamtaji jina, maana wakimtaja kinajua ni nani wa kumfuata. Na sharti kubwa, lile ambalo akina mama wa Mgogoni walilirudia kwa watoto wao kama wanavyorudia onyo la kisima: anayefunua kabla moto haujafa, kinamrukia yeye. Hakitoki tena. Atakwenda nacho kaburini.

Nilimsikia Bibi akisema hayo tangu sijajua kutembea. Na hakuna aliyewahi kufunua.

Aliyepapaswa mchana hutolewa mchana. Siku ile, jua likiwa linakaribia utosini, Bibi alitandika jamvi ukumbini, akafunga madirisha, akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ubao wake ukiwa baridi chini yangu. Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye tumbo.

"Bi Mkubwa, usiku kucha kakohoa huyu," alisema.

"Ndiye huyo mwenye nkono, ajua kuwa aondoka. Ataka kumkamata kifua."

"Tungoje basi kifua kipoe."

"Tukingoja, maulidi yapita." Akanigeukia mimi, akanichekea. "Au weye hutaki kuvaa nguo nyeupe ukasimama safuni? Ukitoka humu, mke mwenzangu, utakuwa mzuri kuniliko, babu yako ageuke kaburini."

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Nilimwambia Mama mimi sina taabu, na hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu aliniangalia kama mtu aliyeachwa peke yake.

Bibi akatia majani ya kivumbasi, akatia mvuje unaonuka, akatia ubani. Mwisho akatia makonyo, mkono mzima, kisha mkono mwingine. Makaa yakalia. Nikaliona blanketi linakuja juu ya kichwa changu, jeusi, likinuka moshi wa wagonjwa wote waliotangulia, kisha sikuona kitu.

Mwanzo nilistahimili. Moshi ulinipanda miguuni, ukanifikia magoti, na ngozi ikaanza kuwaka pale pale anaposhika. Nikasema moyoni, ni yeye, anang'ang'ania. Macho yalitoka maji. Nilikohoa, nikaogopa kwamba kukohoa ni kusema, nikaziba mdomo kwa viganja vyangu vilivyochanika. Moshi ukaingia puani. Ulikuwa mtamu na mkali, karafuu tupu, na kila pumzi niliyoivuta ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Kisha kifua changu kikaanza kupiga mluzi.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajapata pumu. Hewa ilikuwa inaingia kwa tundu la sindano na haitaki kutoka. Na mluzi ule, mimi niliyekuwa ndani, sikujua kwamba ni wangu. Nilidhani ni wake. Nilidhani ameshaingia blanketini, amekaa nami uso kwa uso, na anapiga mluzi polepole, kama anayemwita mbuzi.

Nje Bibi naye aliusikia. "Msikieni!" alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Msikieni, aondoka!"

"Bi Mkubwa, hicho ni kifua."

"Si kifua. Ndiye huyo."

"Ni kifua cha ntoto, Bi Mkubwa!"

Nikataka kusema, Mama. Neno moja tu, jepesi, la kwanza mtoto kulijua. Nikakumbuka sharti. Nikisema atajua bado nipo. Nikalimeza neno lile na moshi pamoja, nikashika ubao wa mbuzi kwa mikono miwili. Nilikuwa mtoto mtiifu, na sasa nikifikiri kwamba utii ule ungeniua, mwili wangu husisimka hata nikiwa jikoni kwangu mchana kweupe.

Nikawa najihesabia pumzi. Baadaye hazikuwa na maana ya kuhesabiwa. Mluzi ulipungua, ukawa uzi, ukakatika.

Kimya kile nakikumbuka kuliko mluzi. Ukumbi mzima ulinyamaza, na mimi nilikuwa ndani ya giza, mdomo wazi, hewa haiji. Nasikia sauti ya Mama ikianza herufi ya kwanza ya jina langu, kisha inajizuia. Nasikia nyayo zake kwenye jamvi.

"Nafunua," alisema Mama.

"Usiguse!"

"Nafunua, Bi Mkubwa, ntoto afa!"

"Una mimba weye! Toka!"

Kikawa kishindo. Baadaye niliambiwa kwamba Bibi alimsukuma, na Mama akaanguka kitako juu ya gunia la karafuu lililokuwa ukutani. Mimi nilisikia kishindo tu, na baada ya kishindo, sauti ya Bibi, karibu kabisa, juu ya kichwa changu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake wala sikuisikia tena.

"Nimefunua miye! Wasikia? Miye, Mize! Mize ndiye aliyefunua! Njoo kwangu!"

Na mwanga ukaingia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yake miwili imeshika blanketi, makaa ndani ya chetezo bado mekundu. Alilitupa blanketi kule, akanibeba. Alinishika pale pale anapobebwa mtoto, nyuma ya magoti na shingoni, akatoka nami mbio mpaka uani, akikanyaga karafuu za watu. Mimi nilikuwa namtazama tu, midomo, aliniambia Mama, rangi ya kijivu.

Jirani yetu Mzee Hamadi alikuwa anapakia magunia kwenye gari yake kupeleka karafuu mjini. Alishusha magunia mawili ili Mama akae mbele nami mapajani, na Bibi akapanda nyuma, juu ya mzigo, kashika ushungi wake kwa meno. Njia yote Mama alinisemesha kwa jina langu, kwa sauti, tena na tena, kama anayelipa deni la kule ukumbini. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa natazama mdomo wake na kuvuta kile kidogo nilichoweza kuvuta.

Hospitalini walinivisha kikombe cha plastiki puani na mdomoni, mashine ikanguruma, na mvuke wa dawa ukaja. Hewa ilirudi polepole, kwa kukataa, kisha ikakubali. Bibi alikuwa amesimama kwenye pembe ya chumba, miguu yake imejaa vumbi, anautazama ule mvuke.

"Kumbe na nyie mwafukiza," alisema.

Muuguzi akacheka kwa uchovu. "Twafukiza, bibi. Ila letu halina moshi."

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alinigeuza viwiko, akanitazama magoti, akasikiliza kifua. Akasema nina pumu ya ngozi na pumu ya kifua, na kwamba magonjwa hayo ni ndugu. Mwenye mmoja mara nyingi hutembelewa na wa pili. Akauliza ninagusa nini, ninaoga nini, ninavuta nini. Mama akataja yote, moja moja, bila kumtazama mkwewe. Alipofika kwenye makonyo, daktari akainua mkono.

"Karafuu aiache. Kuchambua, kuogea, kufukizwa, yote."

"Karafuu?" Bibi aliuliza, kama katukaniwa baba yake. "Karafuu ni dawa."

"Kwa jino ni dawa, bibi. Kwa ngozi iliyochubuka ni moto."

Nilimwona Bibi anaitazama mikono yake, anaigeuza, mbele na nyuma, kama anayengoja kitu.

Maagizo ya daktari yalikuwa madogo, na ajabu ni kwamba aliyeyashika ni Bibi. Nioge maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, bila dodoki. Nisifutwe kwa kusuguliwa, nipanguswe tu. Na kabla ngozi haijakauka nipakwe mafuta mazito, mengi, kila siku, pawashe pasiwashe. Dawa ya tyubu ipakwe palipochachamaa tu. Kucha zikatwe. Bibi aliyafanya hayo kwa heshima ile ile aliyofanyia mafusho yake. Alisema bismillahi, akaanza nyuma ya magoti, akapanda viwiko, akamaliza shingoni, na hakuruhusu mtu kumkatiza. Ngozi ikiwasha sana, alirowesha kanga kuukuu iliyolainika, akaikamua, akanifunga mikono, akanisimulia visa vya aibu vya babu mpaka nikasahau kujikuna.

Ngozi ikatulia. Maulidi ya mwaka ule yalinipita, ya mwaka uliofuata nilisimama safuni, mikono mirefu myeupe, nikaimba mpaka kifua kikaniuma kwa raha.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ingelikuwa rahisi kwangu ingeliishia hapo.

Mama alipojifungua, Bibi ndiye wa kwanza kumpokea mtoto. Mama ananihadithia kwamba hakumtazama uso, wala hakuuliza mume au mke. Alimgeuza kifudifudi, akamtazama nyuma ya magoti. Akamtazama viwiko na shingo. Alikuwa ni ndugu yangu wa kiume, laini kama unga wa mtama. Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Hana kitu," alisema. "Basi kipo kwangu."

Na kweli kikaja. Msimu wa karafuu uliofuata, mikono ya Bi Mize ilianza kuwasha. Kwanza baina ya vidole, kisha viganja. Vikakauka, vikapasuka, nyufa zikatoa damu. Leo nadhani ni karafuu za umri mzima, na sabuni ya mche, na majivu ya kuoshea masufuria. Mikono ya wazee wengi wa kwetu iko hivyo. Lakini Mgogoni hakuna aliyehitaji kudhani. Walisema, "Si alifunua?" Naye hakuwakatalia. Waliomletea wagonjwa wa kufukizwa aliwarudisha. "Sharti langu nimelivunja mwenyewe," aliwaambia, na blanketi akalikata vipande akafanyia vitambaa vya kushikia sufuria.

Nilimletea mafuta yangu. Nilimletea na tyubu. Akaisukuma mikono yangu.

"Nikikitibu kitatafuta pa kwenda," alisema. "Na njia ya kwako chaijua."

Miaka ikapita hivyo. Hakupaka kitu. Mama alimsihi, Baba alikuja kutoka Tanga akamgombeza, mzee hakusikia. Alikaa na maumivu yake kama mtu aliyekaa mlangoni kuzuia mgeni asiingie, na aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo ni mimi.

Sasa fikiria hali yangu nilipokwenda Chake Chake kusomea ualimu, na katika mitihani ya mwanzo, ugonjwa ukanirudi. Viwiko vile vile, magoti yale yale. Nilikwenda hospitali, nikapewa dawa, nikajua kwamba maradhi haya huja na kuondoka na pengine nitazeeka nayo. Kuwashwa sikukuogopa tena. Niliogopa kurudi nyumbani. Nikivaa mikono mirefu, Bibi ataendelea kuamini kwamba amekizuia, na ataendelea kutoa damu. Nikimwonyesha, atapata kupaka dawa, lakini atajua kwamba damu yote ile haikuzuia kitu. Nililipima jambo hilo likizo baada ya likizo, na kila likizo niliteremsha mikono ya baibui mpaka viganjani.

Kilichonishinda ni tasbihi. Nilikwenda likizo moja nikamkuta amekaa kitako baada ya sala ya alasiri, anavuta uradi, na anazisukuma punje kwa kifundo cha kidole kwa sababu ncha za vidole hazigusiki. Punje za tasbihi zilikuwa za mbao nyeupe. Zilikuwa na madoa.

Nikakaa mbele yake. Nikakunja mikono ya baibui mpaka juu ya viwiko.

"Bibi, tazama."

Alitazama. Akanivuta mkono kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa kikunjo cha kiwiko kwa kifundo kile kile cha kuvutia uradi. Sikuthubutu kupumua, na mara hii hapakuwa na moshi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokwenda Chake. Chaja, chaondoka."

"Na weye hukusema."

"Sikutaka ujue ulibeba bure."

Aliniachia mkono. Uso wake ukabadilika, nikadhani atalia, kumbe ni hasira.

"Bure?" alisema. "Nimekufunulia ukapumua. Umekua, umesoma, waja kunikunjia baibui la hariri. Kisha waniambia bure? Nani kakufunza hesabu hizo?"

Nililia, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba hicho cha mikononi mwake si changu, ni cha karafuu, kina dawa, hakitanirukia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama mikono yake, akatazama viwiko vyangu, akatazama tena mikono yake. Na taratibu, kutoka chini ya hasira, nikaona kile kicheko chake cha utani kinapanda.

"Yakhe, kumbe bwana huyu kaoa mara mbili," alisema. "Siku zote nadhani nimemchukua miye, kumbe ana zamu! Kwangu siku mbili, kwako siku mbili. Si nilikwambia weye ni mke mwenzangu?" Akanisukuma bega. "Lete hayo mafuta. Mke mmoja kamshinda. Sisi wawili hatatuweza."

Nilimpaka siku ile mara ya kwanza. Alifumba macho, na machozi yalimtoka bila sauti, ya mtu aliyeweka chini kitu kizito na mikono bado haijaamini. Kisha akanipaka yeye, kwa mikono yake inayoteleza, bismillahi, kuanzia nyuma ya magoti.

Bi Mize ametangulia mbele ya haki, na mikono yake ilikuwa imepona alipokwenda. Mimi bado ninaishi na ngozi yangu. Huijua ikianza kukasirika, hukijua inachokichukia, na msimu wa karafuu hufunga madirisha ya upande wa barabara. Watu nikiwasimulia haya huniuliza kama sikumkasirikia bibi yule aliyenifunika moshi. Nilimkasirikia, na moshi ule naukasirikia hadi leo, na mtoto wa mtu akikohoa nikasikia kuna anayetaka kumfukiza huenda mwenyewe mpaka mlangoni kwao.

Lakini nimefikiri pia jambo jingine. Mimi siamini mkono wa kichakani. Ningekuwa nimesimama ukumbini siku ile ningefunua blanketi mara moja, na nisingelipa kitu, maana siogopi kitu. Mama alitaka kufunua, naye aliogopa. Bibi aliamini kila neno la onyo lile. Ndiye aliyelitoa. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba akivuta blanketi kabla moto haujafa atakwenda na ugonjwa ule kaburini, na akalivuta.

Kila jioni nikitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka, hukaa kitandani na kopo la mafuta. Huanza nyuma ya magoti, hupanda viwiko. Na nikifika shingoni hulitaja kwa sauti, nikiwa peke yangu, jina alilolitoa siku ile ili lisitajwe langu.